Eishengyero na Wajukuu Wake

Mwaka 1955 baraza la ufalme wa Ankole lilimchagua mwalimu wa shule kuwa Enganzi. Kesi Nganwa alikuwa Mprotestanti, amefundisha Mbarara High School, na alikuwa Mwiru. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa habari. Enganzi alikuwa waziri mkuu wa Omugabe, yaani mfalme wa Ankole, na tangu Waingereza waandikiane mkataba na Ankole mwaka 1901 hakuna Mwiru aliyewahi kukikalia kiti hicho. Wairu walikuwa wakulima na ndio waliokuwa wengi. Wahima walikuwa wafugaji, wachache, na uchifu ulikuwa wao. Baraza lenyewe liliitwa Eishengyero, na makao yake yalikuwa Mbarara, mji ambao kilima chake cha Kamukuzi kilibeba ikulu ya Omugabe.

Siku hizi Mbarara ni jiji. Lilipandishwa hadhi Julai 1, 2020, siku moja na Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal, na lina meya, karani wa jiji na mitaa miwili mikubwa ya utawala, Kaskazini na Kusini. Mwandishi wa historia ya mabaraza ya Mbarara angeweza kuanza na meya akarudi nyuma. Naona afadhali kuanza na Nganwa, kwa sababu swali lililomfikisha kwenye kiti ndilo lililoyasumbua mabaraza yote yaliyozaliwa baada ya hapo, hata yale ya wakimbizi kule Nakivale, kilomita sitini hivi kutoka mjini: nani ana haki ya kuhesabiwa?

Eishengyero halikuanza kama chombo cha wananchi. Kwa miongo ya kwanza ya ukoloni lilikuwa baraza la Omugabe na machifu wake. Nuwa Mbaguta, Enganzi hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa na nguvu kiasi kwamba Omugabe Kahaya wakati mwingine alibaki kivuli tu. Wakulima walilipa kodi, walijenga barabara, wakaitwa barazani kusikia amri. Mabadiliko yalitoka pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ni London. Februari 25, 1947, Waziri wa Makoloni Arthur Creech Jones aliwaandikia magavana wa Afrika akiwataka wajenge serikali za mitaa zenye ufanisi na zenye demokrasia. Uganda ikatunga sheria ya serikali za mitaa za Waafrika mwaka 1949, ikaunda ngazi: muluka, gombolola, saza, kisha wilaya, kila ngazi ikipeleka watu katika ile ya juu yake. Mwaka 1953 C. A. G. Wallis alitumwa kuukagua mfumo huo, na sheria ya mwaka 1955 ikayaongezea mabaraza ya wilaya mamlaka. Wallis alikuwa na wasiwasi kwamba mabaraza haya yangejigeuza mabunge ya vijitaifa. Kwa Ankole aliona mbali.

Upande wa pili ni Mbarara yenyewe. Walimu na wasomi Wairu wa Kiprotestanti, wengi wao zao la Mbarara High School, walianza miaka ya 1940 kukutana chini ya jina la Kumanyana, yaani kufahamiana. Jina la upole, shughuli ya kisiasa. Walihesabu nani amepewa uchifu wa gombolola, nani ameachwa, nani amepelekwa shule na nani amerudishwa nyumbani akachunge. Sheria za London zilipofungua mlango wa uchaguzi, watu wa Kumanyana walikuwa tayari mlangoni. Serikali ya kikoloni ilidhani inaleta utawala bora wa barabara na zahanati. Wairu waliona nafasi ya kuhesabiwa, na katika mfumo wa kura aliye wengi ndiye mwenye nguvu.

Hapa inafaa kutazama walikotoka wenye mfumo. Miaka hiyohiyo, wapiga kura wa Glasgow walikuwa wakiwachagua madiwani wa kusimamia nyumba za kupanga za baraza, shule na tramu. Msomaji anaweza kudhani kwamba kule siasa ya mtaa ilikuwa ya mabomba na matofali tu, na ya kwetu ndiyo iliyojaa ukoo na dini. Si hivyo. Edinburgh ilikuwa na John Cormack, diwani aliyeingia barazani mwaka 1934 kwa kuwapinga Wakatoliki waziwazi, na akabaki humo hadi miaka ya 1960. Mkristo wa Ankole aliyegawanywa na misheni mbili hakuwa na ugonjwa wa kipekee.

Na kweli dini iliingia Eishengyero kwa kishindo. Wairu hawakubaki kundi moja. Wairu Waprotestanti walipopata cheo, Wairu Wakatoliki waliona wamebadilishiwa bwana tu. Vyama vilipofika, Wakatoliki hao wakaungana na Wahima, ambao wakubwa wao wengi walikuwa Waprotestanti, ndani ya Democratic Party. Wairu Waprotestanti wakaingia Uganda People's Congress, iliyoundwa mwaka 1960. Kwa hesabu ya kawaida muungano wa mfugaji Mprotestanti na mkulima Mkatoliki hauleti maana. Kwa hesabu ya viti vya Eishengyero uliwapa DP uongozi wa Ankole wakati wa uhuru. Mwaka 1963 UPC ikauchukua, na James Kahigiriza akawa Enganzi. Haikuchukua muda UPC ya Ankole nayo ikapasuka makundi mawili yaliyojulikana kama ya nyama na ya mboga. Baraza lililokuwa na mamlaka ya kweli, yaani kugawa vyeo, kodi, nafasi za masomo na kazi, halikosi watu wa kuligombania. Simlaumu mtu wa miaka ile kwa kelele. Baraza lisilo na chochote mezani huwa tulivu sana.

Utulivu wa aina hiyo ulikuja. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme, Gasyonga wa Pili akawa Omugabe wa mwisho kutawala, na sheria ya tawala za mitaa ya mwaka huo ikaweka mabaraza mikononi mwa waziri. Enganzi akapotea, mahali pake akakaa katibu mkuu wa wilaya. Amin alipoingia mwaka 1971 hata kivuli cha baraza kikaondoka. Baada ya wapiganaji waliotoka Tanzania kuivamia Mbarara Septemba 1972, watu wa siasa za zamani waliwindwa. Nekemia Bananuka, aliyekuwa katibu mkuu wa utawala wa Ankole, aliuawa pamoja na wanawe. Basil Bataringaya, mwana wa Ankole aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani, naye aliuawa. Mji ulitangazwa manispaa mwaka 1974, lakini hakukuwa na diwani yeyote wa kupigiwa kura. Mapema mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia, na majengo mengi ya mji yakabomolewa.

Wakati Eishengyero likipata vyama na makundi, jirani yake alikuwa anazaliwa bila baraza lolote. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kandokando ya ziwa Nakivale huko Isingiro, sehemu ya Ankole wakati huo, serikali ilianza kuwaweka Watutsi waliokimbia Rwanda. Eneo lilitangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, na bonde la Oruchinga lililo karibu likafuata. Sheria ya kuwadhibiti wakimbizi ya mwaka 1960 ilikuwa sheria ya udhibiti kwa jina na kwa tabia: mkimbizi alipangiwa mahali pa kuishi na aliwekewa kamandanti. Kwa Mbarara watu hawa walikuwa vibarua, wachungaji, wakwe, na mara kwa mara kisingizio.

Oktoba 1982 kisingizio kiligeuka moto. Uganda ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi wa mwaka 1980 wenye ugomvi, Museveni alikuwa msituni, na UPC ya Ankole ilikuwa na hakika kwamba Wanyarwanda ni wafuasi wa wapinzani. Machifu na vijana wa chama walipita vijijini wakichoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Waliofukuzwa hawakuwa wakimbizi peke yao. Walikuwamo Wanyarwanda walioishi Ankole tangu kabla ya uhuru, na Wahima pia. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Rwanda, na maelfu wengine wakasukumwa ndani ya Nakivale na Oruchinga. Historia ya taasisi ikiandikwa kwa sherehe huwa inaruka mwaka kama huu. Siuruki, kwa sababu utawala wa wilaya ndio ulioendesha zoezi hilo. Ndugu wa karibu wa Eishengyero alitumia orodha ya nani wa hapa na nani wa kuja, na alijua kila nyumba ilipo.

Ndipo inapoeleweka kwa nini mfumo ulioletwa na NRM ya Museveni mwaka 1986 uliwagusa watu wa Ankole kwa namna ya pekee. Mabaraza ya upinzani, RC, yalikuwa yameanzia vijijini Luwero wakati wa vita vya msituni. Kila kijiji kilikuwa na RC1, kikachagua kamati ya watu tisa, kamati zikakutana kuchagua RC2, na hivyo hadi RC5 ya wilaya. Mtu aliyekumbuka ngazi za muluka, gombolola na saza za mwaka 1949 aliitambua piramidi ile, ila sasa ilisimama juu ya kijiji kizima badala ya kusimama juu ya chifu. Karatasi ya kura hakuna. Wagombea wanasimama, watu wanajipanga nyuma ya wamtakaye, mhesabuji anapita akihesabu vichwa kwa sauti ili kila mtu asikie. Ukipinga hesabu, mstari bado upo, hesabu tena.

Wakenya wakisikia habari hii wanakunja uso. Kwao mlolongo ni mwaka 1988, KANU, na mstari mfupi uliotangazwa kuwa mrefu. Wana haki ya kukumbuka hivyo. Tofauti ni kwamba Kenya mstari ulipangwa kumpata mbunge na matokeo yakapelekwa kwa mkuu wa wilaya, mbali na macho ya waliopanga. Kijijini Isingiro mtu aliyehesabiwa na aliyetangazwa walilala kijiji kimoja. Hasara yake nayo ni hiyohiyo: mwenye duka anayekukopesha anakuona umesimama nyuma ya nani.

Mahmood Mamdani, msomi wa Makerere, ameliandika jambo ambalo kwa Ankole lilikuwa zito kuliko mstari wenyewe. RC ilimhesabu mtu kwa anapoishi, bila kumuuliza babu yake alitoka wapi. Mnyarwanda wa kijijini alipanga mstari na jirani yake Mnyankole. Museveni alitangaza mwaka 1986 kwamba aliyeishi Uganda zaidi ya miaka kumi ataweza kuwa raia. Kwa muda mfupi swali la mwaka 1955 lilipata jibu pana kuliko yote: mkazi ahesabiwe. Halafu mwaka 1990 ugomvi kati ya wenye ranchi na maskwota, wengi wa maskwota hao wakiwa Wanyarwanda, ukafika bungeni. Asili ikarudi kuwa kipimo. Oktoba 1 mwaka huohuo wapiganaji wa Kinyarwanda wa RPF wakavuka kuingia Rwanda, wengi wao wakiwa wameondoka katika jeshi la Uganda. Mlango wa uraia ulifungwa taratibu, na Katiba ya mwaka 1995 ikaandika kufungwa kwake. RC zilibadilishwa jina kuwa LC, mabaraza ya mitaa, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikazipa bajeti na theluthi ya viti kwa wanawake. Kwa raia mfumo ulikomaa.

Mkimbizi alibakiziwa nakala. Nakivale leo, ndani ya wilaya ya Isingiro iliyotengwa na Mbarara mwaka 2005, ina zaidi ya watu laki moja na vijiji zaidi ya 70 katika maeneo ya Base Camp, Juru na Rubondo. Wapo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kijiji kinachagua RWC1, baraza la ustawi wa wakimbizi. Juu yake RWC2. Na RWC3 inasimamia makazi yote. Mwenyekiti, makamu, katibu, na makatibu wa wanawake, vijana, usalama na mengineyo: mwenye kuijua LC ataona ni sura ileile. Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo watu wa Nakivale huiita OPM tu, ndiyo inayosimamia uchaguzi, na mara nyingi ni kwa mstari.

Kwa Waganda wengi RWC ni kitu kidogo. Kwa mtu aliyetoka Kivu si kidogo. Kule chefu wa avenue na chefu wa quartier huteuliwa. Kongo ilikuwa na uchaguzi wa miji mwaka 1957, wakati wa Wabelgiji, na ndio uliompa Joseph Kasa-Vubu umeya wa Dendale mjini Léopoldville. Enzi za Mobutu kura za mitaa zilipigwa mara ya mwisho miaka ya 1980. Baada ya hapo uchaguzi mkuu ulifanyika mwaka 2006, 2011 na 2018, na ule wa madiwani ukaahirishwa kila mara hadi Desemba 2023. Mkongomani aliyefikia umri wa kura miaka ya 1990, akavuka mpaka na kupata kiwanja New Congo, alimchagua kiongozi wa mtaa wake kwa mara ya kwanza akiwa ukimbizini. Msomali wa Mogadishu alikuwa palepale: uchaguzi wa kitaifa wa vyama vingi wa kura ya moja kwa moja ulifanyika nchini kwao Machi 1969, miezi michache baadaye Siad Barre akachukua nchi, na kwa miongo mingi kura hiyo haikurudi. Mnyarwanda anajua kupanga mstari. Nchi yake iliutumia katika uchaguzi wa seli mwaka 1999. Mrundi amechagua washauri wa kilima chake. Hawa wote hukutana kwenye kikao kimoja, na kikao hicho mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili, cha Bukavu hiki, cha Bujumbura kile, huku mkalimani akiwageuzia Wasomali na Waethiopia.

Kazi ya mwenyekiti wa RWC1 haina utukufu. Anaamshwa usiku mtu akimpiga mkewe. Anasuluhisha mbuzi walioingia kwenye mahindi ya mwenyeji, na mpaka wa shamba ambao mwenyeji anaudai kuwa wa babu yake. Anatangaza siku ya mgao, anaeleza kwa nini posho imepunguzwa ingawa hakuipunguza yeye, anaandika barua ya utambulisho ambayo mkimbizi ataipeleka OPM au HCR, kama Wakongomani wanavyoiita UNHCR. Hana mshahara. Kijijini humo anaweza kuwapo pia mwenyekiti wa LC1 anayeshughulikia raia, kwa kuwa wenyeji na wakimbizi wamechanganyikana, na wawili hao wakielewana kijiji kinapona. LC1 ana sheria ya mwaka 2006 inayompa mahakama. RWC1 anategemea heshima yake tu.

Upungufu mkubwa unaonekana ukirudi kwenye mwaka 1955. Maana ya uchaguzi wa Nganwa ilikuwa kwamba baraza lilimchagua mtendaji wake mkuu. RWC3 haimchagui kamandanti wa makazi. Anateuliwa na serikali, kama alivyoteuliwa mkuu wa wilaya Mwingereza. RWC3 haikusanyi kodi, haipitishi bajeti. Julai 2010 zaidi ya Wanyarwanda elfu moja walikusanywa Nakivale na katika makazi ya Kyaka, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda kwa nguvu. Uamuzi wa namna hiyo haupitii kwa mwenyekiti aliyepangiwa mstari. Tangu mwaka 2018 kuna jukwaa la kitaifa ambako wawakilishi wa RWC kutoka makazi mbalimbali hukutana, na hupeleka wajumbe katika kamati inayosimamia mpango wa wakimbizi nchini. Hiyo ni hatua kubwa kuliko inavyosifiwa, maana mkimbizi ameketi meza moja na mawaziri na wafadhili. Lakini meza hiyo si ya sheria.

Julai 10, 2018, Uganda ilichagua wenyeviti wa LC1 kwa mstari, mara ya kwanza tangu mwaka 2001. Mbarara mjini watu wa Kakoba, Kamukuzi na Nyamitanga walijipanga hadharani kama walivyofanya wazazi wao enzi za RC. Mwaka 2021 jiji jipya likampata meya wake wa kwanza, Robert Mugabe Kakyebezi, aliyekuwa meya wa manispaa, kwa kura ya siri. Katika Isingiro, vijiji vyenye wenyeji na wakimbizi vilikuwa na mstari wa raia peke yao. Ibara ya 12 ya Katiba inamnyima haki ya kusajiliwa kuwa raia mtu aliyezaliwa Uganda ikiwa mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2015 kwamba mkimbizi anaweza kuomba tajinisi, njia nyingine na ndefu. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Nakivale na mama aliyezaliwa Nakivale anaweza kuongoza RWC3, kusuluhisha ugomvi wa mipaka na wenyeji, kuketi na waziri Kampala, na bado asiwe na pa kusimama siku ya mstari wa LC1 ya kijiji chake. Nganwa alihitaji Eishengyero limkubali, na wenzake walikuwa na kura humo. Huyu anahitaji Katiba ibadilishwe na Bunge, na kura ya kulichagua Bunge hana.